Nimekagua Zege, Limekomaa

Mama Cherehani anasema aliona kila kitu. Anasema dirisha lake la kushonea linatazamana uso kwa uso na lile jengo, na kwamba siku tatu nzima kabla slabu, lile dari la zege, haijaanguka, yule binti wa fundi hakumwaga hata kikombe cha maji. "Alikuwa kakaa juu ya ndoo," anasema, "ndoo kaigeuza chini juu, miguu kaitandaza, anatazama watu wanaopita. Zege linalia kiu, yeye anajikagua kucha." Hapo hushusha sauti, hukata uzi kwa meno, kisha humalizia: "Sisemi kaua mtu. Mimi nani niseme? Lakini nyinyi wenyewe mna akili zenu."

Hadithi hiyo ilianza kwa wateja wake wa kupunguza suruali, ikashuka ngazi, ikavuka barabara, na kabla mwezi haujaisha ilikuwa imechapwa kwa kompyuta, imepigwa muhuri na kuitwa maelezo ya shahidi.

Binti mwenyewe mafundi walimwita Maji. Kazi yake saiti ilikuwa kumwagilia zege, asubuhi kabla jua halijachoma na alasiri likishapoa, maana zege likikauka haraka hupasuka na kukosa nguvu. Wengine waliona ni kazi ya mtu asiye na kazi. Yeye aliipenda. Alijua kulitazama zege kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa: rangi ikibadilika pembeni alijua, ufa mwembamba kama unywele aliuona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Na hata Mama Cherehani hakusema uongo mtupu. Kweli siku tatu zile Maji hakumwaga maji. Siku ya saba walikuwa wamelifunika zege kwa magunia yaliyolowa chepechepe, juu yake wakatandaza nailoni na kuikandamiza kwa matofali, ili unyevu usitoke. Kazi iliyobaki ilikuwa kukaa na kulinda upepo usiifunue, na kila baada ya muda kuinua pembe na kugusa gunia kwa kiganja. Ukiwa dirishani ng'ambo ya barabara, nailoni inang'aa tu. Kiganja hukioni.

Lakini si maneno ya jirani yaliyokuwa yanamla Maji. Mtu huzoea kusemwa. Kilichomla kilikuwa kitandani, chumba cha mbele, mahali pale lilipokuwa kochi kabla hawajalitoa.

Baba yake, aliyeitwa Mzee Timazi kwa sababu alikuwa anaweza kufumba jicho moja na kukuambia ukuta umeinama upana wa kidole bila kuning'iniza kamba, alikuwa amelala pale tangu atoke hospitali. Kiunoni kushuka chini hakuwa na habari na mwili wake. Slabu ilipoanguka alikuwa pembeni, ikampata mgongo. Fundi Nondo alikuwa katikati. Walimtoa saa kumi na moja jioni, amekwisha kufa, na kofia yake ya plastiki haikuwa na hata mkwaruzo.

Fundi Nondo hakuwa ndugu wa damu, lakini Maji alimwita ba'mdogo tangu ajue kusema. Miaka ishirini na miwili hao wawili walifanya kazi pamoja, mmoja anafunga vyuma, mwingine anapanga matofali, na kutukanana kutwa nzima. "Timazi, ukuta wako unacheka." "Wako utalia." Siku ile, Fundi Nondo ndiye aliyekuwa anagonga mirunda kuitoa, zile nguzo za miti zinazoshikilia zege kwa chini mpaka likomae. Na aliyemwambia aitoe alikuwa Mzee Timazi.

Kwa hiyo kila asubuhi, mama akishamgeuza upande na kumfuta, baba humwita.

"Maji."

"Naam, Baba."

"Injinia alinipigia, siyo?"

"Alikupigia, Baba."

"Akasema tutoe."

"Ndivyo ulivyotuambia."

Hutazama dari. Kisha husema, "Haya," kama mtu aliyeahirisha jambo, si aliyelimaliza. Kesho yake tena.

Maji hakuwahi kumjibu, "Ndivyo alivyosema." Angeweza. Ni maneno mawili tu, na yangempa mgonjwa usingizi. Lakini sauti ya injinia hakuisikia. Alimsikia baba yake tu, amesimama juani, simu sikioni, kidole kimoja kimeziba sikio la pili: "Ndiyo, Injinia... Siku ya tisa leo... Sawa... Leo hii? ... Sawa, Injinia." Basi. Mtu aliyezoea kuangalia hufahamu alichokiona na asichokiona, na kuvichanganya humpa shida hata pale ambapo kungemfaa.

*

Sasa, habari ya daftari.

Kila saiti yenye ghorofa lazima iwe na daftari la ukaguzi. Injinia anakuja, anapanda, anapima, anaandika alichokiona na ruhusa aliyotoa, anasaini. Ndivyo sheria ilivyo. Injinia wao alikuwa mtu mkarimu, anayesalimia hata wachanganya zege kwa majina, lakini alikuwa na saiti saba na gari moja. Mwezi wa kwanza tu kazi ilisimama mara mbili ikimngoja. Mwenye jengo akafoka. Injinia akaja siku hiyo akicheka, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akalifungua daftari na kusaini kurasa arobaini mfululizo, chini kabisa ya kila ukurasa, juu yake pakiwa peupe.

"Haya," akasema. "Sasa hamtaningoja tena. Nitapiga simu, mtaandika. Mzee Timazi, wewe nakuamini kuliko mashine."

Mzee Timazi alijivuna wiki nzima. Lakini kalamu na yeye havikuwa marafiki. Alikuwa anaandika jina lake tu, tena kwa kulikamia. Kwa hiyo akampa bintiye. Maji aliishia darasa la saba, ila mwandiko wake ulikaa juu ya mstari kama tofali juu ya tofali. Injinia akipiga, baba anasikiliza, kisha anamwambia, na Maji anaandika kama vile ni injinia anayesema. Nimekagua msingi, uko sawa, endeleeni. Nimekagua nguzo, vyuma vimepangwa vizuri. Nimekagua. Nimekagua. Kurasa thelathini na moja. Mwanzoni neno lile lilimkwaruza kooni, kwa kuwa hakuna aliyekagua. Lakini injinia alipopita mara moja kwa mwezi, alilipekua daftari, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kumtania: "Maji, unaandika uinjinia kunishinda." Ukisifiwa namna hiyo na mtu mwenye shahada ukutani, unaanza kudhani ndivyo kazi zinavyofanywa.

Mirunda nayo ilikuwa ya injinia. Alikuwa anaikodisha pembeni, yeye na shemeji yake. Mchoro ulisema ikae siku ishirini na moja. Siku ya tisa ikapigwa ile simu.

Maji aliuliza. Hilo alilikumbuka vizuri, na hakuna aliyemwuliza baadaye. "Baba, siku tisa?"

"Kasema inahitajika saiti nyingine, zege lao linamwagwa kesho. Kasema hili limeshashika."

"Mchoro si umesema..."

"Mwanangu, aliyechora ni nani, mimi au yeye?"

Fundi Nondo akadakia kutoka chini: "Muulize pia kama jua limekaguliwa, ndipo lichwe." Wakacheka wote, na yeye akacheka. Akainua pembe ya nailoni, akagusa zege. Lilikuwa gumu. Juu, zege lolote la siku tisa ni gumu. Akaenda kivulini, akafungua ukurasa wa thelathini na mbili na kuandika juu ya saini iliyokauka miezi minne nyuma: Nimekagua zege, limekomaa. Ruhusa kutoa mirunda.

Akapuliza wino ukauke. Saa nane na robo.

*

Wakili wa msaada wa sheria alikuwa dada mdogo wa umri, mwenye mafaili mengi kuliko meza. Siku ya kwanza alimtia Maji matumaini mpaka akashindwa kula kwa furaha.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mtu aliyesomea kazi, akikuambia fanya hivi na wewe ukamtegemea, yeye ndiye anayebeba. Hatuulizi kama alikuwa na nia mbaya. Tunauliza: injinia wa kawaida, mwenye akili zake, angetoa mirunda siku ya tisa bila kupanda kuangalia? Asingetoa. Huo ni uzembe wa kitaaluma. Ndiyo maana ana bima. Bima ile ni kwa ajili ya mtu kama baba yako."

"Na ba'mdogo?"

"Na watoto wa ba'mdogo wako. Na lingine, Bodi ya Wahandisi itaandika kosa ni la nani. Itaandikwa kwa jina."

Hilo la mwisho ndilo Maji alilolibeba mpaka nyumbani. Aliwaza namna atakavyoishika karatasi hiyo mbele ya macho ya baba na kumsomea polepole.

Wakili akavuta nakala ya daftari. "Ukurasa huu wa thelathini na mbili ndio roho ya kesi. Ruhusa imetolewa, saini yake ipo. Aliandika mwenyewe, siyo?"

"Niliandika mimi."

"Huu?"

"Yote."

Wakili akaweka kalamu chini. Akapekua ukurasa wa kwanza, wa kumi, wa ishirini. Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyegundua nusu ya safari kwamba kasahau mzigo. "Saini alizitia lini?"

Maji akamweleza. Wakili hakumlaumu, ingekuwa nafuu kama angemlaumu. Alisema tu, "Basi itabidi tuonyeshe alichosema kwenye simu." Akaagiza rekodi za kampuni ya simu. Zikaja: saa nane kasoro dakika tano, simu kutoka kwa injinia kwenda kwa Mzee Timazi, dakika mbili na sekunde kumi. Ilipigwa kweli. Wiki moja baadaye likaja jibu la injinia kupitia wakili wake, ukurasa mmoja na nusu. Hakukana kupiga. Alisema alipiga kumwambia fundi asiguse mirunda mpaka yeye aje kukagua Jumamosi. Alisema kurasa zile alizisaini kwa ajili ya mambo madogo ya kila siku, na kwamba mtu fulani, bila ruhusa yake, ameutumia mmoja kughushi kauli yake. Na kwamba, kwa taarifa alizopata, zege lenyewe halikumwagiliwa ipasavyo. Kiambatisho: maelezo ya Mama Cherehani.

Maji alikosea kumsomea baba yake karatasi ile. Aliona ni haki yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaomba arudie pale pa Jumamosi.

"Jumamosi," akasema mwenyewe.

Tangu siku hiyo swali la asubuhi likabadilika.

"Maji. Labda alisema Jumamosi?"

"Baba, wewe ulisema leo hii. Nilikusikia. Ulisema, leo hii?"

"Nilisema leo hii." Akatafuta kitu kwenye dari. "Labda nilikuwa namuuliza, akasema hapana, Jumamosi. Nami nimeshapata haraka zangu. Kichwa hiki kimegongwa, mwanangu. Nikiisikiliza ile simu sasa, naisikia kote kuwili. Namsikia anasema toeni, namsikia anasema ngojeni. Sauti ni ile ile."

Mama akatoka nje na beseni lisilo na kitu.

"Kama alisema ngojeni," baba akaendelea, taratibu, kama anayepima, "basi Nondo nimemuua mimi."

*

Chumba cha Bodi kilikuwa na zulia la buluu na feni iliyokuwa inageuka bila kuleta upepo. Watu watatu walikaa meza ya mbele. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole, mwenye miwani ya kamba. Hakumkaripia Maji hata mara moja.

"Binti, maneno haya, Nimekagua zege, ni ya nani?"

"Ya injinia."

"Mwandiko?"

"Wangu."

"Alikuwepo ulipoyaandika?"

"Hakuwepo."

"Alikutamkia wewe kwenye simu?"

"Alimtamkia baba."

"Wewe ulimsikia?"

Wakili wake alikuwa anamtazama. Injinia, upande wa pili, alikuwa anatazama mikono yake. Lingekuwa neno moja tu, na injinia alikuwa ameshasema ya kwake mengi. Maji alilipeleka mpaka kwenye meno.

"Nilimsikia baba akijibu," akasema.

"Kwa hiyo siku ile, zege lilikaguliwa na nani?"

Feni ikazunguka. "Hakuna," Maji akajibu.

Kuhusu magunia na nailoni hakuulizwa. Wakili wake alipolitaja, mwenyekiti alisema limeingia kwenye kumbukumbu, na kuandika kitu kifupi.

Kisha akamgeukia injinia, akamuuliza kwa nini msomi mzima anasaini kurasa tupu. Injinia akasimama. Alikuwa amekonda, hilo lazima lisemwe. "Mheshimiwa, kosa langu ni moja. Niliwaamini mno." Akainamisha kichwa, na Maji akaona wale watatu wa mbele nao wanainamisha vyao kidogo, kama watu waliowahi kuamini mno na wao.

Uamuzi ulisomwa wiki tatu baadaye. Injinia alipatikana na uzembe wa kutunza kumbukumbu. Akasimamishwa miezi sita na kupewa onyo la maandishi. Lakini agizo la kutoa mirunda, Bodi ilisema, halikuthibitika kuwa lake. Mirunda ilitolewa kabla ya muda kwa uamuzi wa msimamizi wa mafundi, kwa kutumia ruhusa iliyoandikwa na mtu asiye na sifa. Bima haikuwajibika kulipia jambo lisiloagizwa na mwenye bima. Jina la baba lilisomwa lote, la kwake na la babu, kwa matamshi safi. Ilikuwa mara ya kwanza Maji kulisikia likisomwa na mtu mwenye kipaza sauti.

Kwenye korido wakili alimshika bega. "Kuna rufaa."

"Kwa ushahidi gani, dada?"

Wakili alipanga upya mafaili kwapani. Akasema atampigia.

Nyumbani walikuwa wanamngoja. Asubuhi ile baba alikuwa amemwambia, akiwa ametulia kupita kawaida, "Wakisema ni mimi, uniambie hivyo hivyo. Usinipake mafuta." Maji aliteremka ngazi akijaribu kulipanga lile jibu kichwani, akalipanga hivi, akalipanga vile, kila lilivyokaa likaanguka. Alipotokea uani, palipoegeshwa magari, akamwona injinia peke yake, anafungua mlango wa gari, koti mkononi.

Hakukimbia. Alitembea tu, akafika injinia akiwa ameshakaa, ameshapiga ufunguo, kioo kimeshuka nusu kwa sababu ya joto.

"Shikamoo, Injinia."

Ilimtoka kwa mazoea. Naye alijibu kwa mazoea: "Marahaba, Maji." Kisha akauliza, "Mzee anaendeleaje?"

"Anakuulizia."

Injinia akaanza kuutafuta mkanda wa kiti.

"Kila asubuhi anakuulizia," Maji akasema. "Sitaki karatasi, Injinia. Bima imeshaisha, nimesikia, sina neno nayo. Sikuja kukutukana. Nataka uje nyumbani. Dakika tano. Usimame pale kitandani, yeye akutazame, na wewe umtazame, halafu umwambie ulichomwambia kwenye simu. Hakutakuwa na mtu. Mama nitamtoa, mimi mwenyewe nitatoka. Kama ulisema toeni, mwambie. Kama ulisema Jumamosi, basi mwambie Jumamosi, lakini umwambie machoni. Akijua, atajua. Sasa hivi hajui, Injinia. Analala na maiti ya ba'mdogo kichwani, na hajui kama aliyemuua ni yeye."

Injinia alikuwa ameupata mkanda. Aliushika kifuani bila kuufunga.

"Ni karibu," Maji akasema. "Unapajua. Twende sasa hivi, mimi nitakaa nyuma."

Vidole vyake vilikuwa juu ya ukingo wa kioo. Injinia alivitazama vidole hivyo, akatazama mbele, akavitazama tena. Gari lilikuwa linanguruma pale pale. Kule getini mlinzi alikuwa amekwisha kuinua chuma cha kuzuia magari, akakishikilia juu, akiwaangalia, akingoja kuona kama gari linatoka.